Tairi Lifae Njia: Kuchagua Matairi ya Baiskeli ya Milimani

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakazi wa Kaunti ya Laikipia wanaotumia baiskeli kwenda kazini, shuleni, sokoni na shambani, pamoja na mafundi wanaowahudumia.



Mvua ikinyesha usiku, mchuuzi wa maziwa huijua asubuhi kabla hajafika barabarani. Mitungi miwili ya lita 20 imefungwa kwenye keria, na maziwa hayamsubiri mtu. Kilomita za kwanza ni za murram, na gurudumu la mbele linateleza kila anapogusa breki. Akifika kwenye udongo mweusi, tope linajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Anashuka, anakwangua kwa kijiti, anasukuma, anapanda tena. Anapofika lami jua limepanda, na mnunuzi anayanusa maziwa kabla ya kuyapima. Siku hiyo hasara si ya mvua peke yake. Baiskeli ilikuwa nzima na miguu ilikuwa na nguvu, ila matairi hayakuwa ya njia ile.

Baiskeli ya milimani, ile yenye gia na matairi mapana, sasa imeenea katika vijiji vingi vya kaunti. Mwanafunzi anaitumia, mlinzi wa shamba anaitumia, na anayekwenda kanisani Jumapili pia anaitumia. Wengi huinunua ikiwa imetumika, na matairi yake yalichaguliwa na mtu mwingine kwa ajili ya njia nyingine kabisa. Yakiisha, mwenye baiskeli huenda dukani na kuomba tairi “lenye meno makubwa”, akiamini kwamba meno makubwa hushika kila mahali. Sivyo ilivyo.

Ujumbe wa mazungumzo haya ni mmoja. Tairi huchaguliwa kwa kuangalia njia anayopita mtu siku nyingi za mwaka, pamoja na mzigo anaobeba. Likishachaguliwa, upepo unaotiwa ndani yake ndio nusu ya pili ya uchaguzi huo, na nusu hiyo haina gharama kubwa.

Kwanza, tairi lisomwe

Kabla ya kulipa pesa, mnunuzi aangalie maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Hapo kuna mambo matatu.

La kwanza ni kipimo. Baiskeli nyingi za milimani zina magurudumu ya inchi 26, 27.5 au 29. Lakini inchi pekee hudanganya. Tairi lililoandikwa 26 x 1.95 na lililoandikwa 26 x 1 3/8 yote huitwa ya inchi 26, ila hayaingiliani. La kwanza hukaa kwenye rimu ya milimita 559, na la pili kwenye rimu ya milimita 590. Watu wengi wamenunua tairi, wakafika nyumbani, wakahangaika nalo jioni nzima bila kujua kosa liko wapi.

Njia ya uhakika ni kutafuta nambari mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 50-559. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu mahali tairi linapokalia. Nambari hiyo ya pili ndiyo lazima ilingane na ya tairi la zamani. Inchi 26 ya baiskeli ya milimani ni 559, inchi 27.5 ni 584, na inchi 29 ni 622. Ile baiskeli nzito ya wazee, Black Mamba, hutumia tairi la 28 x 1 1/2, ambalo ni 635. Anayekwenda dukani aziandike nambari hizo kwenye karatasi, au aende na tairi kuukuu lenyewe.

La pili ni kiwango cha upepo, ambacho huandikwa kwa PSI. Kwa kawaida kiwango cha juu huonyeshwa, na mara nyingine cha chini pia. Mipaka hiyo isivukwe.

La tatu ni mshale wa mwelekeo. Tairi lenye mshale huvikwa hivi kwamba mshale unaelekea mbele gurudumu linapozunguka. Likivikwa kinyume, meno yaliyokusudiwa kushika wakati wa kufunga breki hayafanyi kazi yake sawasawa.

Njia za Laikipia hazifanani

Kaunti hii ina njia za kila aina. Upande wa Nyahururu na Marmanet kuna milima, mvua na misitu. Uwanda wa kati, ukiwemo Rumuruti, una udongo mweusi unaonata. Kaskazini kuelekea Dol Dol na Mukogodo kuna udongo mwekundu wa mchanga, mawe na miiba. Nanyuki kuna lami, murram, na njia zinazopanda kuelekea Mlima Kenya. Tairi moja haliwezi kuwa bora kote huko. Kila mwendeshaji atafute njia yake katika maelezo yafuatayo.

Lami. Hapa meno makubwa ni hasara. Kinachogusa barabara ni ncha za meno tu, kwa hiyo mpira unaoshika lami ni mchache. Baiskeli huvuma, huwa nzito, na meno huisha upesi. Anayepita lami siku nyingi anafaa kuvika tairi lenye mgongo laini au mifereji midogo, lenye upana wa inchi 1.5 hadi 1.75. Wengine huogopa kwamba tairi laini litateleza kwenye lami iliyolowa. Kwa mwendo wa baiskeli hofu hiyo haina msingi mkubwa, kwa kuwa tairi la baiskeli ni jembamba na hulisukuma maji kando lenyewe. Kinachomwangusha mtu kwenye lami yenye maji ni mafuta yaliyomwagika, rangi ya alama za barabarani, na breki ya ghafla.

Murram kavu. Hii ndiyo njia ya watu wengi. Chini ni pagumu na juu kuna kokoto na vumbi vinavyobingirika kama shanga. Tairi la kufaa ni lenye meno mafupi yaliyokaribiana katikati ili liende kwa wepesi, na meno marefu kidogo pembeni ili lishike kwenye kona. Upana wa inchi 2.0 hadi 2.25 unatosha. Penye makunyanzi yale yanayotikisa mikono na kulegeza skrubu, upana pamoja na upepo wa wastani humsaidia mtu kuliko kitu kingine chochote.

Murram iliyolowa. Baada ya mvua, juu ya murram hukaa utando mwembamba wa tope laini huku chini kukiwa bado kugumu. Hapa watu wengi huanguka, hasa kwenye mteremko. Meno yanatakiwa yaachane kidogo ili yaukate utando huo na kufikia pagumu. Hata hivyo, tairi pekee halitoshi. Breki zifungwe kabla ya kona, zote mbili kwa pamoja na polepole. Wenye breki za kubana rimu wakumbuke kwamba tope la murram husaga kama msasa. Mipira ya breki inaweza kuwa nzuri mwanzoni mwa msimu wa mvua na kuwa imekwisha kabla ya msimu kumalizika.

Udongo mweusi. Huu ni udongo wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kupasuka nyufa ukikauka. Wakati wa kiangazi ni mgumu, na tairi la murram hupita bila shida. Ukilowa hunata kwenye kila kitu. Hapa ndipo imani ya tairi pana humponza mtu, maana upana unaziba ile nafasi ndogo iliyopo kati ya tairi na fremu, na tope likiingia halina pa kutokea. Wakati wa mvua ni afadhali tairi jembamba kidogo, la inchi 1.8 hadi 2.0, lenye meno marefu yaliyoachana sana ili tope lidondoke gurudumu linapozunguka. Kipimo rahisi ni kidole: kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na uma wa mbele, kidole kipite bila kubanwa.

Kuna ukweli mwingine unaopaswa kusemwa wazi. Udongo mweusi ulioloa kabisa haushindwi na tairi lolote. Siku hiyo mwendeshaji apite kwenye nyasi za kando, au azunguke njia ndefu ya murram, au asubiri saa chache jua likaushe juu. Kulazimisha pedali huku gurudumu limekwama hukata mnyororo na kupinda mkono wa gia, na gharama ya kuvitengeneza huzidi faida ya safari hiyo.

Mchanga na mawe. Kwenye malaga na njia za mchanga za kaskazini, upana ndio rafiki. Tairi la inchi 2.2 au zaidi lenye upepo mdogo huelea juu ya mchanga, wakati lile jembamba huuchimba na kuzama. Penye mawe makali mnunuzi autazame ubavu wa tairi. Ubavu mwembamba kama karatasi huchanwa na jiwe moja tu, na mchano wa ubavuni haushikiki vizuri kwa kiraka. Na laga lenye maji yanayotiririka lisivukwe kwa baiskeli, hata kama maji yanaonekana machache.

Njia za msitu. Mizizi iliyolowa huteleza kama sabuni. Tairi lenye mpira mlaini na meno imara ya pembeni hushika zaidi, ingawa huisha mapema. Mzizi uvukwe gurudumu likiwa limeuelekea moja kwa moja, bila kugusa breki wakati tairi liko juu yake.

Upepo ni nusu ya tairi

Mtu anaweza kununua tairi zuri na kuliharibu kwa pampu. Tairi lililojazwa kupita kiasi hudunda juu ya kila kokoto, na wakati liko hewani halishiki kitu. Tairi lenye upepo mdogo mno hubonyea mpaka tyubu inabanwa kati ya jiwe na kingo za rimu. Dalili yake ni matundu mawili yanayokaribiana kwenye tyubu. Fundi akiyaona hayo amweleze mteja kwamba hakuna mwiba wa kutafuta. Upepo ulikuwa haba.

Kwa mtu mzima wa kilo 70 hivi asiye na mzigo, mwenye tairi la upana wa inchi 2.1 na tyubu ndani, viwango vifuatavyo ni pa kuanzia: lami PSI 45 hadi 50, murram kavu 35 hadi 40, tope na njia za msitu karibu 30, mchanga kati ya 25 na 30. Iwapo tairi limeandikwa kiwango cha chini kinachozidi hicho, maandishi ya tairi ndiyo yafuatwe. Mtu mzito aongeze, na mwepesi apunguze. Gurudumu la nyuma hubeba uzito zaidi ya la mbele, kwa hiyo liongezewe PSI 3 hadi 5.

Anayebeba mzigo ana hesabu yake. Lita 40 za maziwa au maji ni takriban kilo 40, na karibu uzito huo wote hukalia gurudumu la nyuma. Tairi la nyuma litiwe upepo karibu na kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, bila kukipita. Mzigo ukishushwa, upepo upunguzwe kwa safari ya kurudi, la sivyo gurudumu tupu litaruka ruka na kuteleza kwenye kona.

Kupima kwa kidole gumba hakutoshi, kwani tairi lenye PSI 40 na lenye PSI 60 yote huhisi magumu. Kipimo kidogo cha upepo hutumika miaka mingi, na majirani au kikundi wanaweza kuchanga na kununua kimoja. Mashine ya kujaza upepo kwenye kituo cha mafuta itumiwe kwa uangalifu mkubwa. Tyubu ya baiskeli hubeba hewa kidogo sana ikilinganishwa na ya gari, na sekunde chache zinatosha kuipasua au kulirusha tairi nje ya rimu. Watoto wasiachiwe kazi hiyo.

Jambo jingine la kutazama ni valvu. Ikionekana imelala upande badala ya kusimama wima, tairi linateleza juu ya rimu kwa sababu ya upepo mdogo. Isiponyooshwa mapema, tyubu itachanika kwenye shina la valvu, na hapo haina dawa.

Mbele na nyuma si kazi moja

Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi mwendeshaji huweza kulirudisha. La mbele likiteleza, huanguka kabla hajajua kilichotokea. Kwa hiyo tairi lenye meno bora zaidi liwekwe mbele. La nyuma huisha haraka zaidi kwa sababu ndilo linalosukuma na kubeba.

Mwenye pesa za tairi moja tu afanye hivi: tairi jipya alivike mbele, na lililokuwa mbele alihamishie nyuma. Watu wengi hufanya kinyume, wakiweka jipya nyuma kwa sababu ndipo pameisha, na kumwachia mkono wa kuongoza tairi kuukuu. Kuhamisha matairi ni kazi ya dakika chache kwa fundi, na inaweza kumwepusha mtu na kuvunjika mkono au meno.

Anayepita njia mbili tofauti kila siku, kwa mfano nusu lami na nusu murram, anaweza kuvika tairi lenye meno ya wastani mbele na lenye mgongo laini zaidi nyuma. Atasafiri kwa wepesi kwenye lami bila kupoteza usalama wa usukani kwenye murram.

Miiba

Penye migunga hakuna tairi lisilotobolewa, lakini pancha zinaweza kupunguzwa. Baadhi ya matairi yana tabaka la kinga chini ya meno. Ni mazito kidogo, ila kwa mtu wa safari ndefu yana thamani. Kuna pia utepe wa kuweka kati ya tairi na tyubu, tyubu nene, na maji ya kuziba pancha yanayotiwa ndani kupitia valvu. Matairi yasiyotumia tyubu hustahimili miiba vizuri, lakini yanahitaji rimu na tairi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo na kuongezewa maji hayo mara kwa mara.

Baada ya kila pancha, ndani ya tairi papapaswe pote kwa uangalifu, kwa kitambaa au pamba, kabla ya kurudisha tyubu. Ncha ya mwiba iliyobaki humrudisha mteja kwa fundi siku hiyo hiyo, na watu humlaumu fundi bure.

Lini tairi litupwe

Tairi litupwe nyuzi zinapoonekana, ubavu unapovimba, au waya wa kingo unapokatika. Nyufa ndogo ubavuni zinaletwa na jua na umri, kwa hiyo baiskeli ihifadhiwe kivulini. Mchano mdogo unaweza kuwekewa kipande cha tairi kuukuu kwa ndani ili mtu afike nyumbani, lakini hiyo ni dawa ya safari moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Anayenunua tairi lililotumika alikunje kidogo na kulitazama ndani na nje kwenye mwanga wa jua. Tairi lenye meno mengi lakini mpira uliokauka na kupasuka ni kuukuu kuliko linavyoonekana.

Kabla ya kuondoka

Wakazi wanahimizwa kufanya mambo matano kila asubuhi, ambayo hayazidi dakika mbili: kupima upepo wa magurudumu yote mawili, kuzungusha kila gurudumu na kutazama kama kuna mwiba au mchano, kuangalia kama valvu imesimama wima, kujaribu breki zote mbili, na kuhakikisha mzigo umefungwa katikati. Wazazi wawafundishe watoto wanaokwenda shuleni kwa baiskeli kufanya hivyo wenyewe, na kofia ya kinga ivaliwe hata kwa safari fupi.

Mafundi nao wanaombwa wamwulize kila mteja maswali mawili kabla ya kumuuzia tairi: anapita njia gani, na anabeba nini? Mchuuzi wa maziwa akiulizwa hivyo, hatauziwa tena tairi pana la mchanga huku njia yake ni udongo mweusi. Mvua zijazo zikinyesha usiku, tope bado litakuwepo barabarani, na bado kutakuwa na mahali pa kushuka na kusukuma. Lakini gurudumu litazunguka, na maziwa yatafika yakiwa bado mabichi.